Dirisha Jeupe: Kivinjari Kilichofichwa Ndani ya Programu ya Usanifu Kinapogoma

Jumatatu moja saa mbili unusu asubuhi nilipigiwa simu na mama mwenye duka la kuchapisha mabango pale Nyamakima, Nairobi, ghorofa ya tatu. "Fundi, programu imekuwa nyeupe." Nyeupe namna gani, mama? "Nyeupe tu. Inaniambia niingie kwenye akaunti, halafu kile kidirisha kinakaa hivyo hivyo kama karatasi." Mteja alikuwa amesimama kando akingoja bango la harusi. Kijana wake wa kuchora alikuwa ameshaanza kuiondoa programu nzima ili aisakinishe upya, kwa bando ya simu.

Nilimwomba aache hapo hapo. Programu hizi siku hizi ni GB kadhaa. Kuzishusha upya kwa bando ni kuchoma pesa, na mara nyingi ukimaliza unakuta dirisha ni jeupe vilevile, kwa kuwa kilichoharibika hakikuwa programu. Ninaeleza hapa utaratibu ninaoufuata mwenyewe, kuanzia lisilogharimu kitu hadi lenye kazi. Umeandikwa kwa kompyuta za Windows, maana ndizo ninazozikuta kwenye meza tisa kati ya kumi ninazoitiwa.

Kile kidirisha ni kitu gani

Ukurasa wa kuingia kwenye akaunti, maktaba ya modeli, soko la programu-jalizi, ukurasa wa kwanza unaoonyesha michoro ya karibuni: vyote hivi ni kurasa za wavuti. Waliotengeneza programu walichukua kivinjari kizima, wakakivua mstari wa anwani na vitufe vyake, wakakipachika ndani ya fremu yao. Kwa hiyo kinaugua maradhi yote ya kivinjari, ila kimenyang'anywa mdomo. Chrome ya kawaida ikikikataa cheti cha tovuti, yaani kitambulisho chake cha usalama, itakuandikia sababu. Hiki kinanyamaza na kubaki cheupe. Sehemu kubwa ya kazi yetu ni kukirudishia mdomo.

Injini, yaani ile sehemu ya kivinjari inayochora kurasa, utakazokutana nazo ni tatu. Ya zamani kabisa ni ile ya Internet Explorer, iliyomo ndani ya Windows yenyewe. Kivinjari chake kilistaafishwa tarehe 15 Juni 2022, lakini injini bado imo, na programu za miaka ya nyuma zinaendelea kuitegemea. Ya pili ni CEF, yaani Chromium (msingi wa Chrome) iliyofungashwa ili ipachikwe kwenye programu nyingine. Kila programu huja na nakala yake, na nakala hiyo haibadiliki mpaka programu yenyewe isasishwe. SketchUp iliihamia kwa madirisha yake ya programu-jalizi katika toleo la 2017, na paneli za nyongeza za Adobe zimeitumia kwa miaka mingi. Ya tatu ni WebView2 ya Microsoft, ambayo ni Chromium pia, lakini inakaa mahali pamoja kwenye kompyuta na kutumiwa na programu zote zinazoihitaji. Windows 11 huja nayo.

Tofauti hiyo ndiyo itakayokuonyesha pa kupiga nyundo. WebView2 ikiharibika, programu kadhaa zitaugua kwa pamoja. Nakala ya CEF ikiharibika, ni programu moja tu itakayougua, na hapo kuitengeneza programu hiyo kunaweza kusaidia kweli.

Kuitambua injini

Fungua programu yenye matatizo, iache kwenye lile dirisha jeupe, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili Task Manager ifunguke. Nenda kwenye kichupo cha Details. Ukiona sketchup_webhelper.exe au CEPHtmlEngine.exe, hiyo ni CEF. Ukiona msedgewebview2.exe, ni WebView2, lakini usikimbilie uamuzi, kwa sababu Teams na hata vidude vya Windows yenyewe hutumia faili hilo hilo. Usipoona lolote, bofya kulia ndani ya dirisha. Menyu ndefu ya mtindo wa zamani, yenye View source na Properties, ni dalili ya Internet Explorer.

Kwa WebView2 kuna ujanja ambao mafundi wengi hawaujui. Bofya kulia juu ya vichwa vya safu pale Details, chagua Select columns, weka alama kwenye Command line. Sasa kila mstari wa msedgewebview2.exe utakuonyesha amri ndefu iliyouzindua. Tafuta maneno --webview-exe-name. Mbele yake limeandikwa jina la programu inayoimiliki. Mbele kidogo utaona --user-data-dir, ambayo ni anwani ya folda inapoweka kache (nakala za muda za kurasa) na vidakuzi vyake. Nakili anwani hiyo kwenye karatasi, tutaihitaji.

Maswali kabla ya kugusa

Mimi humwuliza mwenye kompyuta mambo matatu: ni dirisha hili tu au yote, lilianza lini, na siku hiyo kulitokea nini. Swali la tatu ndilo lenye mali. "Stima ilipotea." "Tulibadilisha Wi-Fi." "Kuna kijana alikuja akasafisha kompyuta iwe nyepesi." Kila jibu kati ya haya lina sura yake hapa chini.

Angalia pia rangi na tabia. Jeupe lisilosonga ni mtandao, cheti au injini. Jeusi, au linalomemetameta unapolivuta, ni kadi ya picha. Kile kiduara kinachozunguka bila mwisho ni mtandao karibu kila mara. Kisanduku cha makosa ya skripti ni Internet Explorer. Dirisha lisilofunguka kabisa, kana kwamba hukubofya, maana yake injini haipo au imenyimwa ruhusa ya kuandika kwenye diski.

Na kuhusu diski: tazama kama C: ina nafasi. Kompyuta nyingi za mtumba zinazouzwa mjini zina diski ya GB 128. Ukishaweka programu mbili za usanifu na faili za wateja, imejaa. Kivinjari kisichopata pa kuandika kache hakiendi popote.

Saa na tarehe

Naanza hapa kila mara, na hapa ndipo tulipomkomboa yule mama.

Nilimwambia asome tarehe iliyo kwenye kona ya skrini. Akasoma siku na mwezi, vyote vya Januari, nasi tulikuwa Juni. "Na mwaka, mama?" Kimya kidogo. "Fundi, hii inasema 2015." Stima ilikuwa imepotea jengo zima Jumamosi, kompyuta ikakaa bila umeme hadi Jumatatu, na betri ndogo ya ubao mama ilikuwa imekufa kitambo bila mtu kujua, kwa sababu kompyuta haikuwahi kuchomolewa ukutani.

Tarehe inahusiana vipi na dirisha jeupe? Kila tovuti salama huja na cheti chenye siku ya kuanza na siku ya kuisha. Tangu Septemba 2020, vivinjari vikuu havikubali vyeti vipya vya umma vyenye umri unaozidi siku 398, na umri huo unapunguzwa hatua kwa hatua hadi siku 47 mwaka 2029. Kompyuta inayodhani ni 2015 inaona cheti ambacho "hakijazaliwa", inakikataa, na kivinjari kisicho na mdomo kinabaki cheupe. Kwenye Chrome ungeona NET::ERR_CERT_DATE_INVALID na ungejua mara moja.

Rekebisha hivi. Fungua Settings, kisha Time & language, kisha Date & time. Eneo la saa liwe UTC+03:00 Nairobi. Ndiyo, mji wetu umeandikwa humo kwa jina, na bado nakutana na kompyuta za kutoka Uingereza zilizokaa mezani mwaka mzima zikiwa na saa za London. Eneo likiwa siyo halafu mtu akairekebisha saa kwa mkono ili "ionekane sawa", kompyuta kwa ndani inakuwa saa kadhaa nje ya wakati halisi. Weka eneo kwanza, ndipo ubofye Sync now. Pengo likiwa la miaka, Windows huweza kukataa kujirekebisha yenyewe. Weka tarehe sahihi kwa mkono, kisha bofya tena.

Zima kompyuta, chomoa waya dakika kumi, washa. Tarehe ikirudi nyuma, badilisha betri. Kwenye kompyuta za mezani ni CR2032, ile bapa kama sarafu, na bei yake haizidi ya chai na chapati mbili. Laptopu nyingine zina betri yenye waya mdogo, hiyo mpelekee fundi.

Mtandao

Jaribio la kwanza ni kubadilisha njia. Washa hotspoti ya simu, unganisha kompyuta, fungua programu upya. Dirisha likijaa, kompyuta yako ni nzima na kosa liko kwenye mtandao wa ofisi. Umeokoa nusu siku kwa MB chache.

Ukiwa kwenye mkahawa au ofisi ya kukodi yenye Wi-Fi inayotaka uweke nambari ya simu kwanza, kumbuka kwamba ukurasa huo wa kuingia hauwezi kujitokeza vizuri ndani ya dirisha lililopachikwa. Fungua kivinjari cha kawaida, andika www.msftconnecttest.com/connecttest.txt. Ukiona maneno Microsoft Connect Test na si kingine, njia iko wazi. Ukiona ukurasa wa mkahawa, jaza wanachotaka, kisha funga programu ya usanifu na uifungue tena. Usingoje dirisha lijirekebishe, mengi hayajaribu mara ya pili.

Baada ya hapo, proksi, yaani seva ya katikati ambayo mawasiliano hupitia. Settings, Network & internet, Proxy. Kama sehemu ya kuweka kwa mkono imewashwa na wewe hujui seva hiyo ni ya nani, izime. Halafu fungua Command Prompt, lile dirisha la kuandikia amri, na uandike:

netsh winhttp show proxy

Jibu unalolitaka nyumbani au kwenye duka dogo ni Direct access. Ukikuta anwani iliyobaki kutoka kazi ya zamani ya laptopu hiyo, fungua Command Prompt kwa ruhusa ya msimamizi, uandike netsh winhttp reset proxy. Kwenye benki, chuo au ofisi ya serikali usiguse. Huko proksi imewekwa kwa makusudi, na njia ni kumwomba mtu wao wa mitandao aruhusu anwani za kampuni ya programu.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo watu hunong'ona. Kompyuta nyingi mjini ziliwahi kubeba programu za usanifu zisizolipiwa. Mwenye biashara akikua anaamua kununua leseni halali, anasakinisha, na dirisha la kuingia kwenye akaunti linakuwa jeupe. Anakasirika: siku za wizi ilifanya kazi, siku ya kulipa imegoma! Sababu ni kwamba aliyeiweka ile ya kwanza alizifungia njia seva za kampuni, ili programu isiulize leseni, na kufuli hilo halikuondoka programu ilipoondolewa.

Mbunifu mmoja wa majengo huko Westlands alikuwa amepoteza siku mbili kwa hili, akiwaandikia huduma kwa wateja barua juu ya barua. Niliketi kwenye kompyuta yake, nikafungua Notepad kwa ruhusa ya msimamizi, nikafungua faili linaloitwa hosts, lisilo na kiambishi chochote, kwenye C:\Windows\System32\drivers\etc. Juu kulikuwa na maelezo ya kawaida ya Microsoft, kila mstari ukianza na alama ya reli, #. Chini yake, mistari zaidi ya thelathini inayoanza na 127.0.0.1, kila mmoja ukifuatwa na anwani ya kampuni ile ile aliyotoka kuilipa. Yaani kila dirisha lilipouliza njia ya kwenda kwa mwenye programu, lilielekezwa lijirudie lenyewe. Tulifuta mistari hiyo, tukahifadhi, tukaandika ipconfig /flushdns, na kabla sijanyanyuka ukurasa wa kuingia ulikuwa umejaa rangi. Alicheka kwa aibu, nikamwambia si yeye wa kwanza.

Ukikuta hali hiyo, usiishie kwenye hosts. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika wf.msc, tazama Outbound Rules. Kanuni zenye alama nyekundu na jina la programu yako ni kufuli la pili la aina ile ile. Zifute.

Mwisho wa mtandao ni antivairasi. Baadhi huingia katikati ya mawasiliano salama ili kuyachunguza, na hubadilisha cheti cha tovuti kwa cheti chao. Zima kipengele cha kuchunguza HTTPS kwa dakika tano tu, jaribu dirisha, kisha kiwashe. Kama ndicho chanzo, ongeza programu yako kwenye orodha ya zinazoachwa zipite, usiiondoe antivairasi nzima.

Injini ya WebView2 yenyewe

Mtandao ni mzima, saa ni sahihi, bado jeupe, au dirisha halifunguki kabisa. Tazama C:\Program Files (x86)\Microsoft\EdgeWebView\Application. Pawe na folda yenye jina la nambari ya toleo, na ndani yake msedgewebview2.exe. Usishangazwe na (x86), hukaa hapo hata kwenye Windows ya biti 64.

Folda ipo? Nenda Settings, Apps, Installed apps, tafuta Microsoft Edge WebView2 Runtime, chagua Modify, kisha Repair. Hii huchukua dakika chache na inahitaji mtandao.

Folda haipo? Karibu kila mara nikichimba nakuta kuna mtu "alisafisha" kompyuta. Kuna skripti zinazosambazwa za kuifanya Windows iwe nyepesi, na nyingi zinaondoa Edge na kubeba WebView2 pamoja nayo, au zinazima huduma zake za kusasisha, edgeupdate na edgeupdatem. Mtu anaokoa MB mia mbili tatu, halafu nusu ya programu zake zinapofuka. Bonyeza Windows na R, andika services.msc, hakikisha huduma hizo hazijawekwa Disabled. Kisha shusha kisakinishi kutoka ukurasa wa Microsoft wa WebView2. Kuna viwili. Kimoja ni kidogo sana, na kinajishushia chenyewe kilichobaki. Cha pili ni kizima, zaidi ya MB 100, na kinasakinisha bila mtandao. Mimi hubeba kile kizima kwenye flashi, na nakihuisha kila baada ya miezi michache, maana sitaki kutumia bando ya mteja.

Kwa wenye Windows 7 au 8.1, na bado mpo, najua, hasa kwenye kompyuta zinazoendesha mashine za kukata stika: WebView2 ya mwisho kwenu ni toleo la 109 la Januari 2023. Programu ikitaka jipya zaidi, hakuna ujanja. Windows 10 ilikoma kupata usaidizi wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, lakini Microsoft imesema WebView2 itaendelea kusasishwa kwenye toleo lake la 22H2 hadi angalau Oktoba 2028. Kwa hiyo kwa dirisha hili pekee, Windows 10 bado si sababu ya kukimbilia kompyuta mpya.

Nakala ya CEF ikiwa ndiyo yenye shida, njia ni Repair ya programu husika kwenye orodha ile ile ya Installed apps. Hapo tu ndipo ninapokubali kusakinisha upya, baada ya kuipa Repair nafasi.

Kache iliyooza

Stima ikikatika wakati kivinjari kinaandika, kache inabaki nusu nusu. Dalili yake ni dirisha kugoma kwa mtumiaji mmoja wa Windows lakini kukubali ukiingia kwa jina jingine. Hilo ni jaribio zuri peke yake: tengeneza mtumiaji mpya, fungua programu, tazama.

Rudi kwenye ile anwani ya --user-data-dir uliyoiandika kwenye karatasi. Mara nyingi mwisho wake ni folda inayoitwa EBWebView. Funga programu, rudi Task Manager uhakikishe hakuna msedgewebview2.exe yenye jina la programu hiyo iliyobaki, kisha ipe folda jina jipya, kwa mfano EBWebView-zamani. Usiifute. Fungua programu, itajitengenezea folda safi. Utaombwa uingie kwenye akaunti upya, kwa hiyo mteja awe na nywila yake karibu kabla hujaanza. Nimewahi kungoja saa nzima mtu akimtafuta kwa simu binamu aliyefungua akaunti hiyo.

Kama folda hiyo iko ndani ya Program Files, kosa ni la waliotengeneza: mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kuandika huko. Watu huponya hili kwa kuifungua programu kama msimamizi kila siku. Dirisha linafanya kazi, lakini vitu vingine vinaharibika polepole, kwa mfano kuvuta faili kutoka folda na kuidondosha kwenye turubai kunakataa. Bora msimamizi atoe ruhusa ya kuandika kwenye folda hiyo moja.

Kadi ya picha

Dirisha jeusi au linalomemeta. Kompyuta za usanifu mara nyingi zina kadi mbili, ya Intel iliyo ndani ya kichakataji na ya NVIDIA au AMD, na kivinjari kilichopachikwa kinaweza kujikuta kwenye moja huku programu iko kwenye nyingine. Settings, System, Display, Graphics: ongeza faili la programu yako na ulichagulie High performance. Sasisha draiva kutoka kwa mtengenezaji wa kadi yenyewe.

Ili kuwa na hakika kwamba kadi ndiyo mshtakiwa, mwambie WebView2 asiitumie kabisa. Andika kwenye Command Prompt ya kawaida:

setx WEBVIEW2_ADDITIONAL_BROWSER_ARGUMENTS "--disable-gpu"

Funga programu na kuifungua. Dirisha likionekana, umempata. Lakini agizo hili linagusa kila programu inayotumia WebView2 chini ya jina lako, na kurasa zenye modeli za pande tatu zitakuwa nzito. Ukishaweka draiva nzuri, liondoe:

reg delete HKCU\Environment /F /V WEBVIEW2_ADDITIONAL_BROWSER_ARGUMENTS

Agizo hilo hilo la kwanza linaweza pia kukirudishia kivinjari mdomo. Badala ya --disable-gpu weka --remote-debugging-port=9222, anzisha programu upya, kisha fungua Edge ya kawaida na uandike edge://inspect. Utaliona dirisha lako jeupe kwenye orodha, na ukibofya inspect unapata Console na Network: ukurasa gani umekataliwa, kwa kosa gani. Maneno yanayoanza na ERR_CERT yanakurudisha kwenye saa au antivairasi. ERR_NAME_NOT_RESOLVED ni DNS (huduma inayotafuta anwani ya tovuti kwa jina lake), ERR_CONNECTION_REFUSED mara nyingi ni hosts au ukuta wa moto, ERR_PROXY_CONNECTION_FAILED inajieleza. Ukimaliza lazima ulifute agizo, kwa sababu mlango huo ukibaki wazi, programu nyingine yoyote kwenye kompyuta inaweza kuchungulia humo, pamoja na akaunti ulizoingia.

Programu kuukuu

Kwa zile za Internet Explorer sitakaa sana. Bonyeza Windows na R, andika inetcpl.cpl, kichupo cha Advanced, hakikisha Use TLS 1.2 imewekwa alama. TLS ni kanuni ya mawasiliano salama, na tovuti nyingi zimeacha kabisa matoleo yake ya 1.0 na 1.1. Kama makosa ya skripti yanaendelea, ujue kwamba injini hii ikipachikwa hujifanya Internet Explorer 7 isipoambiwa vingine. Kwenye rejista ya Windows, yaani hifadhi ya mipangilio yake, nenda HKCU\Software\Microsoft\Internet Explorer\Main\FeatureControl\FEATURE_BROWSER_EMULATION, tengeneza DWORD (thamani ya namba) yenye jina la faili la programu, yaani lenye .exe mwishoni, na thamani 11001 kwa hesabu ya desimali. Wakati mwingine inatosha. Wakati mwingine tovuti imeshapiga hatua mno, na maktaba ile ya modeli utaifungua kwenye kivinjari cha kawaida na kushusha faili kwa mkono.

Kazi isisimame

Mteja wa bango la harusi hasubiri uchunguzi. Kwenye AutoCAD, kama ukurasa wa mwanzo ndio unaogandisha, andika STARTMODE kwenye mstari wa amri na uipe 0. Ukurasa huo hautafunguka tena. Kwenye Revit, ukurasa wa kwanza unazimwa kwenye Options, sehemu ya User Interface. Programu nyingine zikishindwa kuingia kwenye akaunti hukupa siku kadhaa za kufanya kazi bila mtandao. Tumia siku hizo kuchora, na jioni ufanye uchunguzi.

Ukiishiwa na yote na ukalazimika kuwaandikia waliotengeneza programu, usiwaandikie "dirisha ni jeupe". Utajibiwa usakinishe upya. Waandikie toleo la programu, toleo la Windows, nambari ya folda ya WebView2, kwamba umejaribu hotspoti ya simu na mtumiaji mpya wa Windows na matokeo yake, na lile kosa la ERR kutoka Console. Fungua pia Event Viewer, Windows Logs, Application, utafute mistari yenye alama nyekundu ya dakika ile ile yenye jina la msedgewebview2.exe au la programu yako, uinakili kama ilivyo. Barua ya namna hiyo kwa kawaida hupita mapokezi na kufika kwa mtu anayeijua injini.